Mgonjwa wa bipola kaletwa emejensi usiku: ulizia usingizi wake kabla hujashika sindano

Saa nane usiku bajaji imesimama mlangoni, kijana wa miaka kama 23 anashushwa kafungwa mikono kwa kamba ya katani, ndugu watano wamemshika na yeye anaongea hata kupumua hapumui, anatuambia ameshainunua bandari ya Tanga yote na kila nesi aliyepo zamu atapewa nyumba Raskazone. Mama yake kasimama pembeni, kanga imemvuka kichwani na wala hana habari, anarudia tu "mwanangu kapandisha, mwanangu kapandisha". Mlinzi ananiangalia mimi, ndugu wananiangalia mimi, na kila mtu anasubiri kitu kimoja, sindano.

Nikamwendea mama kwanza. Shikamoo mama, huyu kijana hajalala toka lini? "Marahaba mwanangu, toka alhamisi." Siku hiyo ilikuwa jumatatu. Na mchana anachoka, anasinzia? "Achoke wapi, jana saa tisa usiku kafagia mtaa mzima wa kwetu Makorora peke yake, anaimba."

Hayo maneno ndo yaliyonipa njia. Mtu anayekosa usingizi kwa mawazo, kwa jino, kwa mtoto anayelia, mchana anachoka, macho mazito, anataka alale na hawezi. Mtu wa mania, yani ule upande wa bipola wa kupanda, halali NA hachoki, tena anakwambia hajawahi kujisikia vizuri hivi maishani. Ukitoka hapa umeshika hilo moja tu mi nimeridhika, lakini ngoja niende taratibu hatua kwa hatua, maana nimekaa emejensi hapa Tanga muda wa kutosha na nimeona tunapokosea, na mimi nikiwemo.

Kwa asiyejua, bipola ni ugonjwa wa kupanda na kushuka. Kuna vipindi mtu anapanda (mania) na vipindi anashuka kwenye sonona nzito, na katikati anaweza kukaa vizuri kabisa miezi au hata miaka, anafanya kazi, anaoa, ndo maana watu wanasema "alikuwa mzima huyu, karogwa". WHO walikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 40 duniani walikuwa nao, kwahiyo sio ugonjwa wa Wazungu wala wa matajiri. Mara nyingi unaanza ujana, miaka ya mwisho wa shule mpaka ishirini na kitu. Na lile neno la mama, kapandisha, mi siligombi. Namwambia ndio mama, kweli kapanda, sasa tumsaidie ashuke salama.

Hatua ya kwanza: punguza watu, punguza sauti

Mtu mmoja aongee na mgonjwa, mmoja tu. Sio nesi anasema kaa chini, mlinzi anasema tulia wewe, shemeji anasema muogope Mungu, wote kwa mpigo. Akili yake inakimbia tayari na kila sauti mpya ni kuni kwenye moto. Simama mbali kidogo, kama hatua mbili, usimzibie mlango na yeye asikuzibie. Msalimie kwa heshima yake, akiwa mkubwa kwako mpe shikamoo hata kama anakutukana, nimeona mara nyingi salamu inamrudisha mtu nusu ya njia. Mpe maji, mpe kiti. Taa zikipungua na feni ikiwepo, vizuri zaidi.

Akikwambia kanunua bandari usibishane nae na usimkubalie pia, sema "nimekusikia kaka, ngoja nikupime presha alafu tuendelee". Ukibishana unapigana, ukikubali kesho ataona ulimdanganya.

Kamba. Ikate mapema kadri inavyowezekana, na ukishaikata angalia mikono kwa karibu, usipite haraka. Yule kijana alama ya katani ilikuwa imezama kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, nyuzi zimeingia kwenye ngozi, vidole vya baridi, kucha zimebadilika rangi. Bonyeza ukucha uone damu inarudi upesi au inachelewa, muulize kama anasikia ukimgusa. Na muulize ndugu kafungwa muda gani, maana mtu aliyefungwa siku mbili anapigana na kamba misuli inaumia, mkojo unakuwa mweusi kama chai ya rangi, na figo zinaweza kufeli. Huyo anataka drip na vipimo vya figo, sio dawa ya akili peke yake.

Hatua ya pili: pima mwili, hata kama faili linasema "mgonjwa wa akili"

Hapa naomba unisikilize vizuri. Kuna baba aliletwa kwetu anapiga kelele, kamng'ata mjukuu, faili lake nene la kliniki ya akili, na wote tukasema imerudi hiyo. Alishachomwa sindano ya kutuliza kabla mwanafunzi wa uuguzi hajakumbuka kumtoboa kidole. Sukari 1.8, imeshuka mno. Tukaweka dextrose, yani drip ya sukari, ndani ya dakika chache baba anauliza "hapa wapi, mbona mmenishika?" Alikuwa na kisukari, kachoma insulini na hajala. Sijawahi kuisahau ile sura yake.

Kwahiyo kila mtu aliyechanganyikiwa, kila mtu, apimwe sukari, joto, mapigo, presha, oksijeni, na kipimo cha haraka cha malaria. Huku pwani malaria kali ikipanda kichwani inafanana na kichaa kabisa. Shika kichwa kwa mikono utafute uvimbe na majeraha, wengi wamepigwa njiani kabla ya kufika kwako. Jaribu kukunja shingo, kama imekaza na ana homa fikiria homa ya uti wa mgongo. Mwanamke apimwe mimba. Uliza dawa anazotumia, zikiwemo ARV na steroidi, uliza gongo, mnazi, mirungi, bangi, unga. Aliyekuwa anakunywa kila siku akaacha ghafla, siku ya pili mpaka ya nne anatetemeka, anatoka jasho, anaona wadudu ukutani, hiyo ni pombe inamtoka na dawa yake ni diazepamu na vitamini B1, ukimpa haloperidoli (dawa ya kutuliza akili) peke yake unaweza kumletea degedege.

Sasa utatofautishaje? Mtu wa mania ukimkamata kwa sekunde anajua yuko hospitali, anajua mama yake ni nani, anajua leo siku gani, tatizo hashiki uzi mmoja, anaruka kutoka bandari kwenda kwenye mpira kwenda kwenye ndoa. Mtu ambae ubongo wake unaumwa kwa homa au sukari anapotea na kurudi, dakika hii anakuelewa, dakika ijayo anakushangaa, hajui mchana au usiku, ukimwambia ataje siku za wiki kurudi nyuma anakwama jumatano. Na mtu wa miaka 50 na kitu ambae hajawahi kuumwa akili maisha yake yote na leo ndo kaanza, usimwite bipola mpaka umemaliza kutafuta kwenye mwili.

Hatua ya tatu: kaa na ndugu, uliza usingizi na uliza yaliyopita

Mgonjwa wa mania atakwambia haumwi, kwahiyo historia iko kwa ndugu. Mtafute yule anayelala nae nyumba moja, sio mjomba mwenye sauti kubwa aliyetoka Muheza leo. Uliza:

- Anaongea kuliko kawaida yake? Kawaida YAKE, maana kuna watu wa Ngamiani ndo walivyo toka kuzaliwa.
- Pesa. Kagawa, kakopa, kauza kitu? Kaacha kazi ghafla, kaahidi ndoa, mambo ya wanawake au wanaume yamezidi?
- Kaanza kujiona mtume, rais, tajiri? Anasikia sauti?
- Imechukua siku ngapi? Wiki nzima hivi inatosha kuita mania, na kama hali imefika ya kulazwa hata siku moja inatosha, usisubiri wiki itimie.
- Kuna mtu kwenye ukoo aliwahi kuwa hivi, au alijiua?

Alafu swali linalosahaulika: kabla ya hapa, aliwahi kukaa wiki mbili au zaidi kanyamaza, hali, hatoki, analia? Na upande wa pili ni muhimu zaidi. Akija mtu ametulia, ana sonona, usimpe dawa ya sonona kabla hujamuuliza kama kuna kipindi aliwahi kutolala siku kadhaa na hakuchoka. Kulikuwa na mvuvi wa kule Deep Sea, kaja mpole, kichwa chini, anasema maisha hayana ladha. Mahali fulani akapewa amitriptilini, hakuna aliyemuuliza habari za usingizi wa zamani. Wiki ya tatu kaletwa kwetu kauza mtumbwi na nyavu kwa bei ya bure, pesa yote kagawa kwa watoto wa mtaani, na mke wake analia mapokezi anatuuliza sasa tutakula nini. Mwaka wa nyuma yake alishawahi kupanda kidogo, siku tano hivi, wakasema ni furaha ya kupata samaki wengi. Dawa ya sonona ikitolewa peke yake kwa mtu wa bipola inaweza kumrusha juu, na mtumbwi haukurudi.

Hatua ya nne: uliza kuhusu kujiua, kwa maneno yake wazi

"Umefikia hatua ya kutaka kujiua?" Sema hivyo hivyo. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo, kunampa nafasi ya kulitua. Kisha umefikiria utafanyaje, una kitu hicho nyumbani, umewahi kujaribu. Watu wengi wanaficha kwa aibu na wanaogopa polisi, kwahiyo ongea nae pembeni, peke yake, kiti kwa kiti.

Anayetisha kuliko wote sio anayelia kitandani hawezi kunyanyuka. Ni yule mwenye vyote kwa pamoja, moyo umeshuka lakini mwili umepanda, anatembea huku na huku, halali, ana hasira, na anataka kufa. Nguvu za kutenda anazo. Huyo haendi nyumbani usiku huo na haachwi peke yake hata kwenda chooni. Ondoa mikanda, wembe, kamba ya chandarua. Na unapomruhusu mtu siku yoyote ile usimpe amitriptilini ya mwezi mzima mkononi, vidonge vingi vya hiyo kwa pamoja vinaua moyo, mpe za wiki na azishike ndugu. Sumu ya panya na dawa za mashambani zitoke nyumbani.

Hatua ya tano: sasa sindano, kama bado inahitajika

Kwanza mpe kidonge, muulize kabisa, "unapenda kumeza au kuchomwa?" Ungeshangaa wangapi wanameza wakiulizwa kistaarabu. Yule kijana wa bandari alimeza, baada ya dakika arobaini za maneno na glasi tatu za maji.

Kama kuna hatari na kumeza kumeshindikana, mchanganyiko unaopatikana sehemu nyingi kwetu ni haloperidoli mg 5 na promethazini mg 25 mpaka 50, kwenye msuli. Usitoe haloperidoli peke yake. Ulishafanyika utafiti Rio de Janeiro kulinganisha, na waliochomwa haloperidoli tupu ndo waliopata kukakamaa. Ukishamuona kijana shingo imepinda, macho yameganda juu, ulimi umetoka, anadhani anakufa na ndugu wanapiga kelele "jini limekasirika sindano", utaelewa naongelea nini. Ikitokea, mpe promethazini au benzheksoli na inaachia. Mzee, mpe nusu ya dozi. Baada ya kuchoma subiri nusu saa kabla ya kufikiria kurudia, sio dakika tano kwa sababu mlinzi kachoka.

Diazepamu kwenye msuli inaingia kwenye damu vibaya na bila mpangilio, kama unaitumia ipite kwenye mshipa taratibu sana huku unaangalia pumzi. Na olanzapini ya sindano, dawa nyingine ya kutuliza, usiichanganye na sindano ya diazepamu, pumzi inaweza kukata.

Kumshika: kila kiungo mtu mmoja, na mmoja kichwani anaongea nae. Asilazwe kifudifudi, asikaliwe kifuani wala mgongoni, watu wanakufa hivyo. Akishalala ndo kazi inaanza, mlaze ubavu, pima pumzi, presha, mapigo na oksijeni kila dakika 15 kwa saa ya kwanza. Usingizi wa sindano usiufurahie ukaenda kunywa chai. Siku zinazofuata akipata homa, mwili umekaza kama ubao, jasho na kuchanganyikiwa, simamisha dawa hizo na mwite daktari mara moja, hiyo ni sumu ya dawa na inaua.

Mtu wa lithiamu

Lithiamu ilitangazwa kuwa dawa ya mania mwaka 1949 na daktari wa Australia, John Cade, na mpaka leo ni miongoni mwa dawa bora kwa ugonjwa huu, lakini njia yake ni nyembamba. Kwenye damu inatakiwa iwe kama 0.6 mpaka 1.0, ikipita 1.5 inaanza kuwa sumu. Joto la huku, kuharisha, kutapika, kufunga Ramadhani bila maji mchana kutwa, vyote vinaweza kuipandisha. Na diklofenaki! Mtu kaumwa mgongo shambani kwenye mkonge, kaenda duka la dawa kachukua diklofenaki au ibuprofeni, baada ya siku chache anatetemeka mikono vibaya, anaharisha, anayumba kama mlevi, maneno yanaburuza, na mtaani wanasema kanywa. Simamisha lithiamu, weka drip ya chumvi, pima figo, na usihangaike na mkaa wa kumeza maana haushiki lithiamu. Akianza degedege au kupoteza fahamu atafutiwe kusafishwa damu haraka. Maumivu ya kawaida atumie panadol. Anayetaka kufunga aongee na daktari wake mwezi kabla.

Valproeti nayo, dawa nyingine ya bipola, usimwanzishie msichana wala mama anayeweza kushika mimba kwa sababu tu ndo iliyopo kabatini. Katika watoto 10 waliokuwa tumboni mama akiitumia, kama mmoja anazaliwa na kasoro, na wengi zaidi wanachelewa akili.

Mama aliyejifungua

Hii naiandika na moyo unauma. Kwetu mama anakaa ndani siku arobaini, na ni vizuri, anapumzika, lakini ndani humo humo ndo tatizo linafichwa. Wiki mbili za mwanzo ndo hatari zaidi, hasa kama ana bipola au mama yake alikuwa nayo. Halali hata mtoto akiwa amelala, anaongea sana au kanyamaza ghafla, anasema mtoto sio wake, mtoto kabadilishwa, mtoto ana kitu machoni. Bibi anasema ni mashetani ya uzazi, ataogeshwa dawa. Hapana, hiyo ni dharura sawa na kutoka damu. Aje usiku huo huo, pima homa na presha (kifafa cha mimba na maambukizi ya kizazi vinaweza kuja hivyo hivyo), asiachwe peke yake na mtoto hata dakika, na asigombezwe. Wengi wanapona vizuri kabisa na wanalea.

Akishatulia

Dawa ya sonona kama alikuwa anatumia inasimama. Aendelee na ya kutuliza kwa mdomo, vipimo vya figo, tezi na mimba vichukuliwe, alafu daktari achague ya kumshikilia muda mrefu. Mkoa wetu una bahati, Lutindi kule milimani Korogwe wanatunza wagonjwa wa akili toka enzi za Mjerumani, na kwa kesi ngumu ipo Mirembe Dodoma. Kumlaza mtu asiyetaka kuna utaratibu wake kwenye Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, ufuate na uandike, usitegemee kwamba ndugu wamekubali.

Familia ikitaka kwenda kwa shehe kusomewa sizuii, nawaambia asomewe na dawa ameze, na msimpeleke mahali atakapofungwa au kunyimwa chakula. Mashehe wengi niliowahi kuongea nao wanaelewa, mmoja siku hizi anatuletea wagonjwa mwenyewe.

Na ndugu wakiondoka nawapa kazi moja, daftari la shule la kurasa chache, kila siku waandike kalala saa ngapi kaamka saa ngapi. Usiku mmoja kulala kidogo, waangalie. Usiku wa pili na hachoki, wasisubiri wa tatu. Mama wa yule kijana alinipigia miezi minne baadae, saa kumi na moja alfajiri. "Sista, juzi kalala masaa matatu tu, jana lisaa limoja, na sasa hivi anafua mapazia ya jirani." Nikamwambia mlete. Alikuja kakaa nyuma ya baiskeli ya kaka yake, daftari lipo kwenye mfuko wa plastiki, akaniamkia mwenyewe. Tukamrekebishia dawa, akakaa wodini siku nne. Mara ya kwanza alikaa wiki tano.